Pale Elektroni Zinapotuama: Hali za Kuhami katika Mifumo ya Mwelekeo Mmoja Isiyo na Mpangilio

IKISIRI

Makala haya yanaeleza kwa Kiswahili suala moja la fizikia ya maada ambalo aghalabu husomwa kwa Kiingereza pekee: kwa nini elektroni zinazolazimika kupita katika mstari mmoja huacha kupita pindi mstari huo unapokosa mpangilio, hata kama kila kizuizi kilichomo ni hafifu. Mazingira ya Likuyani, Kaunti ya Kakamega, yanatumiwa kuwa chimbuko la mifano, na panapofaa makala yanabainisha mahali mifano hiyo inapokomea. Hoja kuu ni kwamba maada huacha kupitisha umeme kwa sababu tofauti kabisa, na kwamba neno moja, "kihami", huzifunika tofauti hizo. Kwa hivyo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili si kutafuta kisawe tu, bali ni kuuliza jina linataja nini.

1.0 Utangulizi

Likuyani iko kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, mahali kaunti hiyo inapopakana na Uasin Gishu na Trans Nzoia. Ni nchi ya mahindi. Eneo bunge la Likuyani lilimegwa kutoka Lugari na kumchagua mbunge wake kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Mpakani upo mji wa Moi's Bridge, ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge. Hapo hupita barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale pamoja na tawi la reli lililojengwa katika miaka ya 1920.

Mwanafunzi wa shule ya upili katika eneo hili husoma Kiswahili kama somo, na husoma fizikia kwa Kiingereza. Atokapo darasani, maelezo ya umeme hubaki nyuma yake. Nyumbani atasema kwamba stima imepotea, lakini ni nadra aweze kumweleza nyanya yake kwa nini shaba hupitisha umeme ilhali mpira hauupitishi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kiliitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, lugha rasmi isiyotumiwa kueleza maumbile ya vitu ni lugha iliyopewa kiti bila kupewa kazi.

Suala lililochaguliwa hapa ni gumu kwa makusudi. Iwapo Kiswahili kinaweza kulieleza jambo ambalo hata wanafizikia wenyewe waliliona kuwa la kushangaza, basi dai kwamba lugha hii haifai kwa sayansi ya juu litahitaji hoja nyingine.

2.0 Njia Moja na Njia Nyingi

Hatua ya kwanza ni kuelewa maana ya mwelekeo mmoja. Ng'ombe aliye malishoni akikuta jiwe hulizunguka: ana mbele na nyuma, kulia na kushoto. Garimoshi lililo kwenye reli halina hiari hiyo. Likikuta gogo, litapita au litarudi lilikotoka. Mfumo wa mwelekeo mmoja ni ule ambamo kinachosafiri kina chaguo mbili tu, kwenda mbele au kurudi nyuma.

Mifumo ya aina hii ipo katika maada. Mojawapo ni mirija myembamba mno ya kaboni ambayo Sumio Iijima aliieleza mwaka 1991. Mwingine ni mnyororo wa poliasetilini, plastiki ambayo iliwapatia Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2000 baada ya kugunduliwa kwamba inaweza kufanywa ipitishe umeme. Katika vitu kama hivi upana wa njia ni mdogo kiasi kwamba elektroni haina pa kukwepea.

Waya wa umeme wa nyumbani, ujapoonekana mwembamba kama uzi, si mfumo wa mwelekeo mmoja. Kwa mizani ya elektroni, waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 1 una njia zinazokaribia trilioni 10 zilizolala sambamba. Tofauti hii ndiyo itakayoeleza baadaye kwa nini taa zinawaka.

3.0 Elektroni kama Wimbi

Elektroni haisafiri kama punje ya mahindi inayorushwa. Fizikia ya kwantamu hufunza kwamba huenea kama wimbi, lenye vilele na mabonde. Mawimbi mawili yanapokutana kilele kwa kilele, huongezeana nguvu. Yanapokutana kilele kwa bonde, hufutana. Sifa hii ya kuongezeana na kufutana ndiyo kiini cha yote yatakayofuata.

Katika fuwele ya metali, atomi zimepangwa kwa vipimo vilivyo sawa. Shamba la mahindi lililopandwa kwa kamba linatoa picha ya mpangilio huo: sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 25 au 30 kati ya mche na mche. Mtu akisimama mwisho wa shamba huona moja kwa moja hadi upande wa pili. Shamba ambalo mbegu zilimwagwa ovyo humziba macho baada ya hatua chache.

Mwaka 1928 Felix Bloch alionyesha kwamba wimbi la elektroni hupita katika fuwele iliyopangika kikamilifu bila kukinzwa na atomi zake, ijapokuwa atomi hizo ni nyingi mno. Mawimbi madogo yanayotawanywa na kila atomi huungana kwa utaratibu na kulijenga upya wimbi linalosonga mbele. Ukinzani huletwa na kinachovunja mpangilio: atomi ngeni, atomi iliyokosekana, au mtetemo wa joto.

Mfano wa shamba unakomea hapa. Mtu katika shamba ovyo hazuiwi na kuongezeana na kufutana kwa mawimbi. Huzuiwa tu na mmea uliosimama mbele yake. Elektroni huzuiwa kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo ya ajabu.

4.0 Vizuizi Hafifu Vinavyozuia Kabisa

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mvurugo katika maada huongeza ukinzani tu. Elektroni zingegongagonga, zingepungua kasi, lakini hatimaye zingefika. Mwaka 1958 Philip Anderson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell nchini Marekani, alitoa hoja kwamba mvurugo ukizidi kiwango fulani, elektroni haifiki kabisa. Wimbi lake hubaki limejikusanya mahali pamoja na kufifia kwa haraka kadiri mtu anavyokwenda mbali na mahali hapo. Mwaka 1961 Nevill Mott na W. D. Twose walionyesha kwamba katika mwelekeo mmoja hakuna haja ya mvurugo kuzidi kiwango chochote. Mvurugo wowote, hata uwe mdogo namna gani, unatosha, mradi mstari uwe mrefu.

Hesabu ndogo itasaidia. Tuseme mstari una vizuizi 10 vilivyopangwa ovyo, na kila kimoja hupitisha nusu ya kinachokifikia na kurudisha nusu. Tuanze na vitu vya kawaida visivyo mawimbi, mathalani gololi. Mtu anaweza kudhani kwamba itapita nusu ya nusu ya nusu, hadi mara kumi. Sivyo. Gololi iliyorudishwa na kizuizi cha pili hukutana tena na cha kwanza, ambacho huweza kuirudisha mbele. Safari hizi za kurudirudi zote hujumlishwa, na matokeo ni kwamba kati ya gololi 11 hupita 1. Vizuizi vikiwa 20, hupita 1 kati ya 21. Ukinzani unakua kwa kadiri ya urefu, kama mwanafunzi anavyofunzwa katika kanuni ya Ohm.

Kwa wimbi mambo hubadilika. Safari za kurudirudi bado zipo, lakini sasa baadhi huongezeana na baadhi hufutana, kutegemea umbali kati ya vizuizi. Kwa kuwa umbali huo hauna mpangilio, faida na hasara hizo hufidiana. Ndipo inaposalia ile nusu ya nusu iliyodhaniwa mwanzoni: katika mstari wa kawaida wa vizuizi 10 hupita sehemu 1 kati ya 1,024, na katika vizuizi 20 hupita sehemu 1 kati ya 1,048,576. Ipo mipangilio michache ya bahati inayopitisha zaidi, lakini ni nadra, na huwa nadra zaidi kadiri mstari unavyorefuka.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii inafaa, ila kwa sharti moja. Kibaba hujaa kwa kujumlisha, ilhali hapa vizuizi huzidishana. Ndiyo maana vizuizi hafifu vinaweza kufanya kazi ya ukuta.

Matokeo haya si ya karatasini tu. Mwaka 1986 He na Maynard waliyachunguza kwa kutetemesha waya mrefu uliobandikwa vipande vya risasi, kwani kanuni hii ni ya mawimbi yote na si ya elektroni pekee. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti, moja Ufaransa na jingine Italia, yalichukua atomi zilizopozwa mno, yakaziachia katika njia nyembamba ya mwanga wa leza, na kuziona zikiacha kutawanyika. Anderson alikuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1977 pamoja na Mott na John Van Vleck.

5.0 Sababu Nyingine za Kuhami

Kama mvurugo ungekuwa sababu ya pekee, neno moja lingetosha. Lakini maada huweza kuhami hata ikiwa imepangika vizuri, na kwa njia zisizofanana.

Njia ya kwanza ilielezwa na Alan Wilson mwaka 1931. Elektroni hazikai mbili katika hali moja ile ile ya mwendo. Ngazi za nishati zikijaa zote, na ngazi inayofuata ikiwa mbali, hakuna elektroni inayoweza kusogea bila kupewa nishati ya kuruka pengo hilo. Ni kama matatu iliyojaa abiria: ndani hapana nafasi ya mtu kubadilisha kiti. Katika mwelekeo mmoja pengo hilo linaweza hata kujitengeneza lenyewe. Rudolf Peierls alionyesha kwamba mnyororo wa atomi zilizo sawa huelekea kujikunja wenyewe, atomi zikajipanga wawili wawili, na pengo likazaliwa. Poliasetilini safi ni mfano wake.

Njia ya pili ni ya kusukumana. Mwaka 1937 J. H. de Boer na E. J. W. Verwey walibainisha kwamba oksaidi ya nikeli, ambayo kwa hesabu za Wilson ilipaswa kupitisha umeme, haiupitishi. Mott alieleza baadaye kwamba elektroni, kwa kuwa zina chaji ya aina moja, husukumana. Kila atomi ikiwa na elektroni moja, elektroni yoyote itakayohama itaikuta nyumba ya jirani ina mwenyewe, na gharama ya kuishi wawili ni kubwa. Basi kila moja hubaki kwake. Mwaka 1968 Elliott Lieb na F. Y. Wu walithibitisha kwa hesabu kamili kwamba, katika modeli sahili ya mwelekeo mmoja yenye elektroni moja kwa kila atomi, msukumano wowote, hata mdogo, unatosha kuleta hali hii.

Tofauti kati ya njia hizi na ile ya Anderson ni ya msingi. Kwa Wilson na kwa Mott kuna pengo la nishati: elektroni haina mahali pa kwenda isipokuwa ilipe. Kwa Anderson pengo halipo. Nafasi zenye nishati ileile zipo tele, lakini ziko mbali, na wimbi la elektroni halizifikii. Mmoja amekosa nauli. Mwingine anayo nauli lakini barabara haimfikishi.

6.0 Mvurugo na Msukumano Vinapokutana

Katika maada halisi elektroni hukuta mvurugo na wakati huohuo husukumana. Katika mwelekeo mmoja jambo hili huwa zito zaidi, kwa sababu elektroni haziwezi kupishana. Moja ikisogea, iliyo mbele husukumwa, na msukumo huo husafiri mstari mzima. Hakuna tena elektroni iliyo peke yake. Kilichopo ni mwendo wa pamoja. Sin-Itiro Tomonaga mwaka 1950 na Joaquin Luttinger mwaka 1963 ndio walioweka msingi wa kuueleza mwendo huo.

Mwaka 1988 Thierry Giamarchi na Heinz Schulz walichunguza linalotokea mvurugo ukiingizwa katika mfumo kama huo. Jibu lao lilikuwa kwamba elektroni zinazosukumana huzidi kunaswa: kwa kuwa hujipanga kwa nafasi zinazokaribia kulingana, msafara mzima hukwama penye vikwazo. Ni pale tu elektroni zinapovutana kwa nguvu ya kutosha ndipo mvurugo hafifu hushindwa, na mfumo hupitisha umeme hata kwenye baridi kuu. Mwaka 1992 Charles Kane na Matthew Fisher walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba kwa elektroni zinazosukumana, kizuizi kimoja tu katikati ya mstari, hata kiwe hafifu, hukata njia kabisa joto linapokaribia sifuri halisi.

Lilibaki swali la joto. Kwa kawaida joto huziokoa elektroni zilizonaswa: mtetemo wa atomi huzipa nishati ya kuruka kutoka mahali hadi mahali. Kazi za I. Gornyi, A. Mirlin na D. Polyakov mwaka 2005, na za D. Basko, I. Aleiner na B. Altshuler mwaka 2006, zilidai kwamba mfumo uliotengwa kabisa na mazingira yake unaweza kuendelea kuhami hata ukiwa na joto, ijapokuwa elektroni zake zinaathiriana. Mwaka 2015 watafiti wa Munich, Ujerumani, walitoa ushahidi wa jambo hilo kwa kutumia atomi baridi. Mjadala kuhusu uthabiti wa hali hii katika mistari mirefu na kwa muda mrefu bado unaendelea.

7.0 Kwa Nini Taa za Likuyani Zinawaka

Msomaji makini atauliza: ikiwa mvurugo mdogo unatosha, na hakuna waya usio na kasoro, mbona umeme unafika?

Majibu ni mawili. La kwanza ni unene. Waya wa nyumbani una njia nyingi mno, na elektroni iliyozuiwa katika njia moja huhamia nyingine. Mwaka 1977 David Thouless alionyesha kwamba waya wowote, hata mnene, utahami iwapo utarefushwa hadi ukinzani wake ufikie takriban omu 10,000, na iwapo utapozwa vya kutosha. Waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 1 ungehitaji zaidi ya kilomita 450 kuufikia ukinzani huo, umbali unaopita ule wa kutoka Likuyani hadi Nairobi. Tena hiyo ni kabla ya kuupoza, jambo ambalo hupunguza ukinzani na kuurefusha umbali zaidi.

Jibu la pili ni joto. Ili mawimbi yafutane kwa utaratibu, ni sharti vilele na mabonde vikumbuke vilikotoka. Atomi zinazotetemeka kwa joto la kawaida huvuruga kumbukumbu hiyo kila mara. Elektroni katika waya wa nyumbani basi hurudi kuwa kama gololi zetu, na kanuni ya Ohm huendelea kutawala. Mtuamo wa Anderson unahitaji wembamba, urefu na baridi vyote kwa pamoja.

8.0 Jina Linataja Nini?

Istilahi za Kiswahili za umeme zimekwisha kupiga hatua. Tuna kipitishi, kihami, ukinzani na chaji. Hata hivyo, suala hili linadhihirisha mipaka ya baadhi yake.

Kitenzi hami maana yake ni kulinda. Kihami basi ni kitu kinachomlinda mtu, kama mpira uliouzunguka waya. Jina hili linataja kazi ya kitu kwa binadamu, na kwa kazi hiyo linafaa. Lakini mnyororo wa atomi ulio na mvurugo haumlindi yeyote. Kinachotakiwa hapo ni jina la hali ya elektroni zenyewe. Kiswahili kinalo tendo linalokaribia hali hiyo: tuama. Mvua ikinyesha shambani, maji mengine hutiririka na mengine hutuama mashimoni. Hayakugandishwa wala hayakuzingirwa na ukuta. Yamekosa tu namna ya kuendelea. Kwa mlinganisho wa tiririka na mtiririko, mtuamo ni nomino inayokubalika kisarufi, na ndiyo iliyotumiwa katika makala haya.

Tatizo la pili ni hali na awamu. Kiingereza hutumia neno moja kwa hatua ya mradi, kwa hali ya maada, na kwa nafasi ya wimbi kati ya kilele na bonde. Mfasiri mwenye haraka ataandika awamu mahali pote. Lakini Mswahili akisikia awamu husikia zamu ya wakati: awamu ya kwanza, awamu ya pili. Akisoma "awamu za kuhami" atadhani kwamba maada huhami leo na kuacha kesho. Hali ndiyo inayofaa kwa maada, kama tusemavyo hali ya kiowevu na hali ya gesi. Kiswahili hakijapungukiwa hapa; kinatenganisha yale ambayo lugha nyingine imeyarundika pamoja.

La tatu ni sababu. Inapendekezwa kwamba kila hali ya kuhami itajwe pamoja na chanzo chake: kuhami kwa pengo, kuhami kwa msukumano, na kuhami kwa mtuamo. Majina haya ni marefu kuliko kuazima jina la mwanasayansi, lakini humwambia msomaji jambo ambalo jina la mtu halimwambii.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba katika mwelekeo mmoja mvurugo hafifu hutosha kuzituamisha elektroni, kwa kuwa vizuizi vyake huzidishana badala ya kujumlishwa. Yameonyesha pia kwamba pengo na msukumano ni vyanzo vingine vya hali ya kuhami, na kwamba vyanzo hivi vinapokutana hutoa hali ambazo bado zinachunguzwa.

Kwa upande wa lugha, kila mahali ambapo maelezo yalikwama, kilichokosekana hakikuwa neno bali uelewa wa kile neno lilichokusudiwa kutaja. Uelewa ulipopatikana, neno lilipatikana karibu: reli, gololi, maji yaliyotuama shambani. Hivyo ni wajibu wa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili kuketi pamoja na wanafunzi wa fizikia kabla ya kuunda istilahi, wala si baada ya hapo. Siku mwanafunzi wa Likuyani atakapoweza kumweleza nyanya yake kwa nini waya mwembamba mno na wenye baridi kali hauwezi kuwasha taa, naye nyanya akauliza swali linalofuata, ndipo Kiswahili kitakapokuwa kimepewa kazi yake.